Maswali ya Wafugaji: Dume Gani kwa Kundi la Nyama?

Barua nyingi tulizopokea kuhusu kondoo zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: dume wa aina gani anunuliwe na mfugaji anayetaka kuuza wanakondoo kwa ajili ya nyama? Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa uamuzi ambao ukikosewa huchukua miaka kurekebishwa.

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Nina kondoo majike 60 wa kienyeji, wengi wao wenye asili ya kondoo wekundu wa Kimaasai, na malisho yangu yako kando ya Mto Ruvu wilayani Bagamoyo. Huuza wanakondoo kwa wachinjaji wa mjini, na wakati wa Idd-el-Hajj huuza madume kwa ajili ya kuchinja. Nimeshauriwa ninunue madume wawili wa Dorper halisi na kuwaondoa madume wangu wote wa zamani, ili baada ya miaka michache kundi zima liwe la Dorper. Je, nifuate ushauri huo? — *Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Ndugu msomaji, nunua Dorper ukipenda, lakini usimpe kundi zima, na usiwaondoe madume wako wote wa zamani. Sababu zangu zinaanzia kwenye malisho yako.

Dorper alizalishwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930, kwa kumpandisha dume wa Dorset Horn kutoka Uingereza kwa majike wa kondoo aitwaye Persia mwenye kichwa cheusi, ambaye, licha ya jina lake, asili yake ni Somalia. Waliomzalisha walitaka kondoo anayekua haraka, mwenye mapaja yaliyojaa, na anayeweza kuishi kwenye nchi kavu yenye mvua chache. Walifanikiwa sana, mwanakondoo wa Dorper aliyetunzwa vizuri kwao hufikia kilo 36 akiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne. Lakini zingatieni neno hilo, nchi kavu. Kando ya Mto Ruvu nyasi hubaki na unyevu kwa miezi mingi, na unyevu pamoja na joto ndiyo mazingira anayoyapenda adui mkubwa wa kondoo katika ukanda wetu wa pwani, yaani mnyoo mfyonza damu anayeishi katika tumbo la nne. Jike mmoja wa mnyoo huyo hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi na kuanguliwa, viluwiluwi, yaani minyoo wachanga, hupanda kwenye majani yenye maji, na kondoo huwameza wanapokula majani hayo. Mwanakondoo mwenye minyoo mingi hupauka ndani ya kope, huvimba chini ya taya, kisha hufa akiwa bado na nyama mwilini, jambo linalowafanya wafugaji wengi wadhani ameumwa na nyoka au amekula mmea wa sumu.

Kondoo mwekundu wa Kimaasai humstahimili mnyoo huyu kuliko aina nyingi za kondoo duniani. Hili limepimwa. Katika miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, walifuga kondoo wekundu, Dorper na machotara wao pamoja katika shamba la Diani, pwani ya kusini ya Kenya, ambako hali ya hewa haitofautiani sana na ya kwako. Kondoo wekundu walitoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, damu yao ilibaki na nguvu, na vifo vilikuwa vichache. Mazao ya kundi lao, ukijumlisha wote walioishi hadi kuuzwa, yalikuwa mara kadhaa ya mazao ya kundi la Dorper. Katika maeneo makavu ya Kenya tofauti hiyo ilipungua sana. Dorper hakubadilika, yaliyobadilika ni malisho.

Kwa hiyo ninakuomba uache kuhesabu kilo za mwanakondoo mmoja na uanze kuhesabu kilo za kundi zima siku ya kuachisha kunyonya. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba majike wako 60 wanakuachishia wanakondoo 50 wenye kilo 18 kila mmoja: hizo ni kilo 900. Ukipata wanakondoo wakubwa zaidi wa kilo 22, lakini minyoo ikakuachia 36, umepata kilo 792, na umetumia fedha nyingi zaidi kwa dawa. Mnunuzi atawasifu hao 36, na sifa hiyo ndiyo inayowapoteza wafugaji wengi, maana waliokufa hawaonekani sokoni.

Hata hivyo Dorper ana nafasi yake kwako, nayo ni nafasi ya baba wa wanakondoo wanaouzwa wote. Mwanakondoo wa kwanza kutoka kwa baba Dorper na mama mwekundu hupata nguvu ya uchotara: hukua vizuri kuliko mama yake, huwa na umbo zuri la mzoga, na hubeba sehemu ya ustahimilivu wa mama. Ukimrudisha binti huyo kwa baba mwingine wa Dorper, nusu ya nguvu ile ya uchotara hupotea, na damu ya ustahimilivu hubaki robo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza ni dume gani, ni lazima uamue binti zake watakwenda wapi. Ikiwa wataenda buchani, unaweza kumchagua baba kwa ajili ya nyama peke yake. Ikiwa watabaki kuwa mama wa kundi lako, basi baba yao achaguliwe kwa yale unayoyataka kwa mama: kuzaa kila mwaka, maziwa ya kutosha, miguu mizuri, na kustahimili minyoo.

Sasa tugawe majike wako. Kila mwaka utahitaji kubadilisha takriban mmoja kati ya watano, yaani mitamba 12 ya kujaza nafasi za wazee na wasiozaa. Ukiwapeleka majike 35 kwa dume mwekundu, na ukapata wanakondoo wapatao 30 walioachishwa kunyonya, majike kati yao watakuwa kama 15, na utachagua 12 walio bora. Majike 25 waliobaki wapeleke kwa Dorper na uuze watoto wao wote, madume kwa majike, bila kubakiza hata mmoja kwa sababu ya uzuri wake. Hapo ndipo penye mtihani. Binti chotara wa kwanza huwa mzuri mno kwa macho, na wafugaji wengi huvunja utaratibu kwa kumbakiza yeye.

Kwa mpango huo Dorper mmoja anakutosha. Mpelekee majike waliokwisha kuzaa angalau mara moja na wenye nyonga pana, kwa kuwa jike mdogo wa mara ya kwanza anaweza kushindwa kumtoa mtoto mwenye mabega mapana, nawe ukawapoteza wote wawili. Mitamba wapandishwe na dume mwekundu.

Panga pia msimu. Kondoo wetu hupata joto la kupandwa mwaka mzima, hivyo anayeamua wakati wa kuzaa ni wewe, kwa kumtenga dume. Jike anayezaa hupungukiwa na kinga kwa wiki kadhaa, na hutoa mayai mengi ya minyoo wakati huo huo mtoto wake anapoanza kuonja majani. Ukipandisha mwishoni mwa Januari hadi Februari, mimba ikachukua siku zake takriban 150, watoto watazaliwa kuanzia mwishoni mwa Juni, masika yakiwa yameisha, malisho yakiwa bado yapo na viluwiluwi wakianza kupungua.

Kuhusu wanyama wa Idd-el-Hajj, hesabu ni nyingine kabisa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani yetu, kondoo wa kuchinja awe ametimiza mwaka, au awe amekwisha kung'oa meno ya mbele kabla ya hapo. Asiwe kilema, chongo wala mgonjwa. Ukijumlisha miezi mitano ya mimba, unahitaji kupandisha miezi 17 kabla ya sikukuu, huku ukikumbuka kwamba Idd husogea mbele kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, yaani huja mapema zaidi. Wafugaji wa Dorper wana desturi ya kuwakata mikia wanakondoo. Usifanye hivyo kwa madume wa sikukuu, maana mkia uliokatwa huhesabiwa kuwa kasoro na mnunuzi wako atageuka na kuondoka. Mkia mnene wa mafuta wa kondoo wetu mwekundu ni thamani kwa mnunuzi huyo, na sioni sababu ya kuupoteza.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, sisi wa Kajiado tulikwisha kufanya hayo unayoyakataza. Baba yangu alianza na Dorper, nami nikaendelea, na sasa kondoo wangu ni kizazi cha tatu. Mvua zikiwa nzuri ni wakubwa sana, lakini katika ukame uliopita nilipoteza wengi, na mvua ziliporudi minyoo ikamaliza waliodhoofika. Je, kuna njia ya kurudi? — *Msomaji, Kajiado*

JIBU: Ipo, na wala haihitaji uuze kundi lako.

Familia yenu haikuwa peke yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 palikuwa na mpango wa serikali ya Kenya wa kueneza madume wa Dorper, na wafugaji waliupokea kwa mikono miwili kwa sababu watoto wa kwanza walikuwa wazuri kweli. Kilichokosekana ni maelekezo ya nini kifanyike baada ya kizazi cha kwanza. Matokeo yake ni kwamba kondoo mwekundu halisi amekuwa adimu hata Umaasaini kwenyewe, na ukame mkali kama ule wa 2009 na ule wa 2020 hadi 2023 ndio uliowakumbusha wengi thamani yake.

Kizazi cha tatu kina damu ya Dorper kwa asilimia 87.5. Ukileta dume mwekundu halisi, watoto watakaozaliwa watakuwa na asilimia 44 hivi, na nguvu ya uchotara itarudi kwa kiasi kikubwa katika mzao mmoja tu. Hao ndio mabinti wa kubakiza. Wao, wakikua, unaweza kuwapeleka kwa Dorper, na mabinti zao warudi tena kwa mwekundu. Mzunguko huo wa kupokezana ukiendelea, kundi hutulia likiwa na theluthi mbili za nguvu ya uchotara, ambayo si haba kwa mfugaji asiyetaka kutunza makundi mawili tofauti. Lakini mzunguko huu unadai kumbukumbu. Kila binti awe na alama ya sikio inayoonyesha aina ya baba yake, kwa mfano pembe moja ya sikio kwa watoto wa Dorper na pembe nyingine kwa watoto wa mwekundu, la sivyo baada ya miaka minne hakuna atakayejua ampeleke nani kwa nani.

Ningekushauri, katika eneo kavu kama la kwako, uweke vizazi viwili mfululizo kwa dume mwekundu kwanza, hasa ikiwa hununui majani ya akiba wakati wa kiangazi. Mama mdogo wa mwili hula kidogo. Jike wa kilo 32 anayezaa na kunyonyesha katika mwaka mbaya ana faida kuliko jike wa kilo 55 aliyekosa mimba kwa njaa.

Shida yako itakuwa kumpata dume mwekundu wa kweli. Rangi peke yake hudanganya, kwa kuwa machotara wengi huzaliwa wekundu. Omba kuonyeshwa mama yake na ndugu zake, uone kama kundi zima linafanana: manyoya mafupi yasiyo na sufu, mkia mpana wenye mafuta, rangi ya hudhurungi nyekundu. Muulize mwenye kundi ni lini mara ya mwisho dume wa nje aliingia zizini. Ukikuta wazee wanaotunza kundi la namna hiyo, walipe bei nzuri, kwani wanatunza kitu ambacho kikiisha hakinunuliki popote.

SWALI: Mshauri wetu, mimi niko Ol Kalou, Nyandarua, kwenye baridi na mvua nyingi. Majike wangu ni Corriedale wa sufu. Je, nilete Dorper au Hampshire kwa ajili ya nyama? — *Msomaji, Nyandarua*

JIBU: Hampshire, maadamu bado unauza sufu. Dume wa Dorper huwapa watoto mchanganyiko wa sufu na nywele, na mchanganyiko huo huharibu thamani ya sufu yote inayofungwa pamoja nayo. Hampshire ni kondoo wa nyama wa kusini mwa Uingereza, amezoea baridi na unyevu, na watoto wake kwa majike wa Corriedale hunenepa vizuri kwenye malisho mazito ya nyanda za juu. Uza watoto wake wote, na mitamba ya kujaza kundi uipate kwa dume wa Corriedale.

Ikiwa umekwisha kuacha biashara ya sufu na gharama ya kukata manyoya inakusumbua, basi Dorper anafaa kuzingatiwa, kwa sharti kwamba wanakondoo wana banda kavu usiku katika miezi ya baridi. Kwa vyovyote vile, kwenye ardhi yenye tope ninyi mna adui mwingine, ambaye ni kuoza kwato. Usinunue dume yeyote kabla ya kuinua miguu yake yote minne na kunusa katikati ya kwato. Harufu mbaya ya uozo inatosha kukurudisha nyumbani bila dume.

SWALI: Ndugu Mshauri, tumekubaliana na majirani watatu hapa Singida kununua madume kwa pamoja. Tukifika kwa muuzaji tukague nini? Na dume mmoja anatosha majike wangapi? — *Msomaji, Singida*

JIBU: Wazo la kununua pamoja ni zuri kuliko mnavyodhani, nami nitalirudia hapo chini.

Anzeni kwa kuuliza kumbukumbu kabla ya kumtazama mnyama. Alizaliwa peke yake au pacha? Alikuwa na uzito gani siku ya 90? Mama yake amezaa mara ngapi, na ameachisha wangapi? Dume aliyezaliwa pacha akakua vizuri ni bora kuliko dume aliyenenepeshwa kwa pumba ili apendeze machoni. Muuzaji asiye na maandishi yoyote anakuuzia umbo tu.

Kisha mshikeni. Tazameni meno: yapande sawasawa na ufizi wa juu, yasitangulie mbele wala kurudi nyuma. Meno mawili makubwa ya mbele yakiwa yametoka, ana umri wa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, nao ni umri mzuri wa kuanza kazi. Funueni kope la chini. Likiwa jekundu damu yake ni nzima, likiwa jeupe ana minyoo au ugonjwa. Ipo kadi ya rangi yenye ngazi tano, iliyobuniwa Afrika Kusini, ambayo daktari wa mifugo anaweza kuwafundisha kuitumia, nayo itawasaidia baadaye kuwapa dawa wale tu wanaohitaji, ili minyoo isizoee dawa. Mwacheni atembee, dume mwenye miguu mibovu hawezi kupanda.

Sehemu inayoogopwa na wanunuzi, kwa haya, ndiyo muhimu kupita zote. Korodani ziwe mbili, zilingane, zisogee kwa uhuru ndani ya mfuko, na ziwe imara zinapobonyezwa kama msuli wa mkono uliokazwa. Zipimeni kwa tepu ya fundi cherehani mahali palipo panene zaidi. Kwa dume mkubwa wa Dorper tafuteni sentimita 30 au zaidi, na kwa kondoo wa kienyeji mwenye mwili mdogo mlinganishe na wenzake wa umri huo. Bonyezeni sehemu ya chini ya kila korodani, ambako mbegu huhifadhiwa: uvimbe au ugumu mahali hapo unaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa brusela, unaoharibu uzazi wa dume na kuenea kwa madume wengine. Ombeni kipimo cha damu kutoka kwa daktari wa mifugo kabla ya kulipa, maana zipo aina za brusela zinazowapata hata binadamu.

Mkimfikisha nyumbani, mtengeni wiki tatu hadi nne, apewe dawa ya minyoo na chanjo anazoelekeza ofisa mifugo wenu, ikiwemo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Mleteni angalau miezi miwili kabla ya msimu. Mbegu huchukua karibu wiki saba kutengenezwa, kwa hiyo homa, njaa au joto kali la safari ya leo huonekana kwenye mimba za miezi miwili ijayo, wakati ambapo kila mtu amekwisha kusahau safari yenyewe.

Dume kijana apewe majike 15 hadi 20, na aliyekomaa 30 hadi 40. Mpakeni kifuani rangi ya unga iliyochanganywa na mafuta, ili kila jike aliyepandwa abaki na alama mgongoni. Baada ya siku 17, ambazo ni mzunguko mmoja wa joto, badilisheni rangi. Majike wengi wakipata alama ya pili, dume ana kasoro, nanyi mmeijua mapema badala ya kusubiri miezi mitano.

Sasa nirudi kwenye ununuzi wa pamoja. Mabinti wa dume hufikia umri wa kupandwa kabla baba yao hajachoka, na mtoto wa baba na binti yake huzaliwa na damu iliyojirudia kwa robo nzima, jambo linaloleta watoto dhaifu na majike wasioshika mimba. Mkiwa wafugaji wanne na madume wanne wasio ndugu, kila dume akae zizi moja kwa miaka miwili, kisha ahamie kwa jirani kwa mpangilio mmoja usiobadilika: wa kwanza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu kwa wa nne, na wa nne arudi kwa wa kwanza. Pimeni tena brusela kabla ya kila uhamisho, kwa sababu dume mgonjwa mmoja katika mzunguko huo atayafikia mazizi yote manne. Andikeni makubaliano hayo mkiwa mbele ya ofisa mifugo, mkiweka wazi nani analipa matibabu na nini kitafanyika dume akifa akiwa kwa jirani. Na madume wadogo wote mtakaozalisha ninyi wenyewe wahasiwe wakiwa wachanga au watenganishwe na mama zao wakifika miezi minne, kwa kuwa wanaweza kupanda mapema sana, na dume mmoja aliyesahaulika zizini anatosha kuuvuruga mpango wote.